Pamba Masikioni, Watu Uani

Jamani, leo sina uso. Nimeaibika, na aibu yenyewe imekuja kwa miguu, imejitwisha kuni kichwani na kujifunga kanga kiunoni.

Ngoja niwaeleze taratibu. Hapa ninapoandika nimejifungia chumbani, na nje bado kuna watu wanakula.

Mnaonijua mnajua natengeneza muziki nyumbani. Nyumbani ni kwa Bibi, huku juu ya mji wa Lushoto, njia ya kupandia Magamba. Ni mahali ambapo ukungu ukishuka unafunika bonde lote, unabaki unaona vichwa vya mikaratusi tu, na sauti ya mtu wa ng'ambo inakufikia kabla hujajua yuko wapi. Mimi naweza kukaa dirishani nikautazama huo ukungu mpaka chai ikapoa. Studio yangu ni kompyuta moja, maiki moja, na hedifoni kubwa zinazofunika masikio yote. (Studio nasema mimi. Baba mdogo anaiita "kile kimeza".)

Huyo Baba mdogo ndiye mwenye kesi yangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule Korogwe, na kila akipanda huku wimbo wake ni mmoja: binti mzima hawezi kukaa milimani anaongea na waya. Mwisho tukakubaliana, Bibi akiwa shahidi. Binti yake, Neema, anaolewa Jumamosi hii. Mimi nimtungie wimbo wa harusi. Ukipendeza, naachiwa kimeza changu. Usipopendeza, Jumatatu nateremka Korogwe kuuza misumari na mabati. Mimi na joto la Korogwe, jamani. Mimi ambaye nikifika Mombo tu naanza kutafuta kivuli.

Kwa hiyo mjue kabisa, huu wimbo ulikuwa ndiyo pona yangu.

Shida ikawa masikio. Siku hizi za karibuni yameanza kulia yenyewe. Nikivua hedifoni nasikia nziii, kama birika linalotaka kuchemka chumba cha pili. Na yanauma, hasa la kushoto. Tunaimba kwaya na dada mmoja muuguzi, nikamweleza baada ya mazoezi. Akanisema sana. Akaniambia nishushe sauti, nipumzike mara kwa mara, na nikivua hedifoni nikae kimya kabisa, nisiyape masikio kazi. Akasema nikiendelea na ubishi wangu, itafika siku nitakuwa nasikia vitu ambavyo havipo.

Nikaogopa. Mtu wa muziki bila masikio ni mtu gani?

Basi leo asubuhi Bibi amefunga mtandio, ameshuka Lushoto mjini kununua kanga za sare ya harusi. Ameniachia maharage jikoni na onyo nisiyaunguze. Nyumba nzima ikawa yangu. Nikasema leo narekodi sauti za kiitikio, na narekodi kwa akili, masikio yasiumie hata kidogo.

Nikaanza na chumba. Sebule ya Bibi ina sakafu ya sementi na kuta tupu, ukikohoa unajibiwa. Chumba kikirudisha sauti namna hiyo, unajikuta unaongeza sauti kwenye hedifoni ili usikie vizuri, na masikio ndiyo yanayoadhibiwa. Hilo nilishajifunza. Kwa hiyo nikatoa kila kitu kigumu. Viti vya mbao vyote nikavipeleka uani. Meza nayo nje. Kisha nikachukua mikeka ya Bibi, ile ya wageni, nikaitandaza sebule nzima ili sakafu inyamaze. Nikaingia chumbani kwa Bibi, nikatoa godoro lake kitandani, nikaliegemeza ukutani. Langu nikaliegemeza ukuta wa pili. Mablanketi nikayatundika sehemu iliyobaki. Nikapiga makofi mara moja kujaribu. Chumba kimya, hakirudishi kitu. Nilijisikia fundi kwelikweli.

(Wale ambao mmeshaanza kushika vichwa, subirini. Mimi wakati ule sikuona kitu. Niliona acoustic tu, yaani chumba kinavyobeba sauti, sijui hata kwa Kishambaa inaitwaje.)

Kisha nikaja kwenye sauti yangu mwenyewe. Kile kiitikio kina sehemu inayopanda juu sana, na kila nikiimba, sauti yangu ilikuwa inanirudia kwenye hedifoni na kunichoma sikio la kushoto. Nikaizima. Nikabakiza muziki peke yake, tena chini kabisa, kama redio ya jirani. Raha iliyoje. Masikio yametulia, yamefunikwa, hayasikii duniani wala hayanisikii mimi.

Mtu asiyejisikia anapaza sauti. Mnalijua hilo, mmeshaongea na mtu aliyevaa hedifoni. Mimi nilikuwa nalijua pia. Sijui lilikuwa limeenda wapi kichwani.

La mwisho lilikuwa dirisha. Kwa yale mablanketi chumba kilikuwa giza, nami siwezi kuimba gizani, nanyauka. Nikafungua dirisha lile kubwa linalotazama bonde. Ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka chini, unapita juu ya kabichi, unazunguka miti ya plamu, unaingia mpaka ndani na kunigusa uso. Nikasogeza maiki dirishani. Nikafumba macho. Nikashika hedifoni kwa mikono miwili, hivi, pande zote za kichwa. Nikaimba.

Wimbo ni wa bibi harusi anayetoka kwao. Maneno ya kiitikio ni machache: anaondoka mama, anaondoka wee, nyumba imebaki na nani. Ukiusikia na ngoma zake na kinanda chake, ni wimbo wa furaha yenye uchungu kidogo. Nikaimba sauti ya juu. Nikarudia. Nikaimba ya kati. Nikaimba ya chini, ile nzito, karibu na ya mwanamume. Kila moja nikarudia mpaka nikaridhika, na mimi siridhiki haraka. Kuna mahali nilimfikiria Neema kweli anaondoka, nikafikiria Bibi anabaki mlangoni anatazama njia, machozi yakanitoka. Sikuyafuta. Nikasema sauti yenye machozi ndiyo nzuri.

Mara moja tu nilifumbua macho. Ng'ambo ya bonde, kwenye kile kinjia cha kwa Mama Eliya, jirani yetu, niliona mtu wa kanga anakimbia ndani ya ukungu. Nyuma yake mwingine. Wanatokea, wanapotea, wanatokea tena, bila sauti yoyote. Nikaona ni kitu kizuri sana. Nikasema moyoni, tazama, hata ukungu leo una watu wake. Nikafumba macho tena, nikaimba kwa nguvu zaidi.

Nilipochoka nikakumbuka agizo la muuguzi: pumzika. Nikavua hedifoni.

Nikasikia watu wanalia.

Si sauti ya karibu. Ni sauti za wanawake, kwa mbali, zinapanda na kushuka, na (Mungu wangu) zinafuata tuni yangu. Anaondoka mama, anaondoka wee. Nikashika kichwa. Nikajua imeshafika ile siku niliyoambiwa. Masikio yameharibika, sasa nasikia vitu ambavyo havipo.

Mtu mwenye akili angechungulia dirishani. Mimi nilikimbilia pamba. Bibi anayo pamba kwenye kopo lake la dawa, nikachukua mabonge mawili, nikayajaza masikioni mpaka yakachomoza nje. Kilio kikafifia. Hilo likazidi kunishawishi kwamba ugonjwa uko ndani ya kichwa changu na unatibika. Nikakokota godoro langu nikalirudisha chumbani, nikafunga mlango, nikalala nitulie kama nilivyoagizwa. Baridi ilikuwepo na mablanketi yote yako ukutani, nikajifunika shuka la Bibi jeupe lililotoka kuanikwa. Nikajiviringisha lote, mpaka kidevuni.

Jamani, nililala usingizi mtamu. Niliota nipo juu ya ukungu, natembea juu yake kama kwenye nyasi, na bonde zima linaniimbia. Ndoto yenyewe ilikuwa na harufu ya moshi wa kuni na viazi.

Kilichoniamsha ni sauti ya Bibi.

Sauti ya Bibi inapita kwenye pamba. Ile inapita hata kwenye ukuta. Alikuwa analia, tena analia kwa Kishambaa, na Bibi Kiswahili kikimwacha ujue ni jambo zito. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata alipofariki Babu. Alikuwa analitaja jina langu. Alisema mjukuu wangu, mjukuu wangu, nimekuacha asubuhi na maharage jikoni. Alisema juzi alinitania kwamba sauti yangu ni ya mbuzi aliyefungwa, na kumbe ni uongo, kila nikiimba alikuwa anasimama nyuma ya mlango anasikiliza. Alisema nani amtoe mtoto huyu ampeleke Korogwe, misumari haina wauzaji? Alisema bora angesema mapema.

Nikakaa kitako. Nikajiuliza, nimekufa? Nikajigusa. Mwili ulikuwa wa baridi, lakini Magamba kila mwili ni wa baridi.

Nikainuka. Nikafungua mlango wa chumbani vile vile nilivyokuwa. Shuka jeupe kuanzia begani hadi chini. Pamba masikioni.

Sebule imejaa wanawake. Wamekaa kwenye mikeka yangu, ile niliyoitandaza kwa ajili ya sauti, wamenyoosha miguu, kanga zimefungwa vizuri. Wakanitazama. Sitawasahau hata siku moja. Mama mmoja aliyekuwa anamega andazi alilirudisha polepole kwenye sahani, akatoka kwa magoti. Wengine hawakutoka kwa utaratibu huo. Dirisha langu zuri linalotazama bonde, wametokea hapo hapo, wameangusha na maiki.

Nikafika mlangoni. Uani kulikuwa kumejaa wanaume, wamekaa kwenye viti vyetu vya mbao, moto umeshawashwa, sufuria kubwa la jirani liko jikoni, kuni zimerundikwa, unga, kabichi, viazi. Mzee Kaniki, mzee wa kanisa, amesimama na kofia mkononi, inaonekana alikuwa anataka kuomba. Na katikati ya uwanja, chini, kwenye udongo, amekaa Bibi, kanga za sare za harusi zimetapakaa pembeni yake.

Wote wakanigeukia. Na mimi, katika akili yote niliyopewa na Mungu, nikakumbuka kitu kimoja tu nilicholelewa nacho: ukikuta wakubwa, salimia.

"Shikamooni," nikasema.

Viti vikaanguka. Mzee Kaniki, ambaye Jumapili anapandishwa ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono, alivuka ua wa michongoma bila mtu kumshika. Halafu, kutoka katikati ya kabichi, sauti ya mtu mzima ambaye sikumwona ikajibu kwa kutetemeka, "Marahaba." Mazoea ni kitu kigumu.

Bibi hakukimbia. Aliinuka. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni. Akachomoa pamba ya sikio la kulia. Akachomoa ya kushoto. Akazitazama mkononi.

"Wewe ni mzima?" akaniuliza.

"Mzima, Bibi. Nilikuwa napumzisha masikio."

"Masikio," akasema.

Akanitupia zile pamba kifuani. Halafu akanikumbatia, akanibana mpaka nikakosa pumzi, na nilimsikia moyo wake unavyodunda. Hapo ndipo nilipoanza kulia mimi, kwa sauti, na nadhani hiyo iliwarudisha watu, maana ilikuwa sauti ile ile waliyoijia.

Kesi ikaanza. Mzee Kaniki alitolewa kwenye michongoma, akapewa kiti, akauliza kwa niaba ya wote nani alikuwa analia tangu asubuhi. Nikasema hakuna aliyelia, nilikuwa naimba. Mama Eliya akasema hapana, yeye amesikia kwa masikio yake, walikuwa wanawake wawili na mwanamume mmoja. Nikamwambia wote hao walikuwa mimi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa habari mbaya ya afya ya mwenzake.

Ndipo akaeleza alichoona. Kwetu huku nyumba ikifiwa, viti vinatolewa nje wanaume wakae, na mikeka inatandikwa ndani wanawake wakae. Yeye alisikia kilio kinavuka bonde, akatoka mlangoni, akaona viti vyetu vyote viko uani. Akakimbia. Akachungulia dirishani, akanikuta nimefumba macho, nimeshika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanatiririka, nasema mama anaondoka. Sebuleni mikeka tayari. Akachungulia dirisha la chumbani kwa Bibi, kitanda kitupu, godoro limeshatolewa. Akauliza, sasa ninyi mngeelewaje?

Hata mimi ningeleta kuni.

Waliona nimeingia chumbani na kufunga mlango, wakaamini marehemu Bibi yumo humo na mimi namuaga. Wakakubaliana nisisumbuliwe na mlango usifunguliwe mpaka mwanamume wa nyumba afike. Walishampigia simu. Yuko njiani anapanda.

Mwanamume wa nyumba ni Baba mdogo.

Bibi alikuwa anasikiliza yote haya. Mwanzoni aliporudi aliona msiba kwake na nyumbani alikuwa ameniacha mimi peke yangu, kwa hiyo alijua aliyekufa ni mimi. Watu walipomwona anapanda njia na kanga mkononi walishindwa kumwambia kwamba msiba ulikuwa wake, na alipoanza kunililia mimi wakaamini kumbe aliyekufa humo chumbani ni mimi. Sasa ndiyo kwanza anaelewa.

"Kumbe marehemu ni mimi," akasema.

Mama Eliya akainamisha kichwa. Bibi akaanza kuwapitia watu kwa macho, mmoja mmoja, bila haraka. Akatazama rundo la kuni. Akatazama viazi. Akauliza mbona fulani hamwoni, akaambiwa fulani alisema atakuja kesho. Akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani huyo fulani asitegemee tena mbegu za maharage kutoka kwetu.

Akaamua hakuna kuondoka mtu. Vyakula vimeshamenywa nusu, moto umeshakolea, wapike wale. Akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vya matanga yake mwenyewe.

Baba mdogo akafika tukiwa tunapanga masufuria. Alishuka kwenye gari la mtu macho mekundu, amefunga shati vifungo kombokombo, akamwona mama yake anamenya viazi. Sijui niwaambie nini. Alimpigia magoti, akaweka kichwa mapajani kwake kama mtoto, na Bibi akawa anampapasa kwa mkono wenye maganda. Watu wakageuza nyuso. Mimi nilitamani ukungu unifunike kabisa.

Alipoinuka, akaelezwa. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nyuma ya Mama Eliya.

"Jumatatu," akasema. Basi.

Nikaanza kukusanya waya zangu. Nilikuwa nazikunja taratibu, nazitazama, kama unavyokunja nguo za mtu anayesafiri. Ni Mzee Kaniki aliyeniokoa, na hakukusudia kuniokoa, alikuwa ana hasira na michongoma. Alisema wimbo uliomkimbiza yeye utu uzima huu lazima ausikie, ajue amekimbia nini. Watu wakaunga mkono.

Nikaweka kwenye spika, sauti chini, na ngoma zote na kinanda chote. Wakasikiliza kwa adabu. Ukaisha. Mama Eliya akasema ni mzuri. Akafikiri kidogo, akasema ila ule wa asubuhi, bila hivyo vyombo, ulikuwa unaingia zaidi. Wote wakaitikia kwamba kweli, vyombo vinasumbua. (Vyombo hivyo nimevifanyia kazi tangu mavuno ya viazi yaliyopita. Masikio yangu yameumwa kwa ajili ya hivyo vyombo.)

Bibi akasema bila kuinua uso kwenye viazi, "Hebu uimbe kama asubuhi."

Nikaimba. Bila hedifoni, bila maiki, nimesimama uani nimejitanda shuka la kuzikiwa. Safari hii nilijisikia, na ni ajabu, sikuhitaji kupaza. Jioni ilikuwa inaingia, ukungu umepanda mpaka kwenye ngazi, nusu ya watu siwaoni, naona moto tu na mikono inayopasha joto. Nilipofika kwenye anaondoka mama, wanawake wakaidaka. Walishaijua, walikuwa wameilia mchana kutwa. Sauti ya kati ikatoka upande wa jikoni, ya chini ikatoka kwa wanaume. Kitu nilichokuwa nakitafuta kwenye kile kimeza, kikawa kinatoka chenyewe pande zote na hakiniumizi sikio hata kidogo. Sikutaka kiishe.

Kilipoisha, Baba mdogo alikuwa anajifuta uso kwa ule mkono wa shati uliofungwa vibaya. Nikasema hapa nimepona.

"Huu haufai harusini," akasema. "Neema atalia mpaka asiweze kusema 'ndiyo'. Wageni watadhani tumemlazimisha." Akaugeukia mlango. "Makubaliano ni makubaliano."

Kweli alikuwa anasema kweli. Hata mimi niliona. Nikatazama chini.

Bibi akatupa kiazi kwenye maji.

"Huyu haendi Korogwe," akasema. "Harusini ataimba kingine, chochote cha kurukaruka, hamtakosa. Huu ni wangu mimi. Ni wa siku ile yangu. Watu nimeshaona watakavyokuja, na kuni nimeziona. Kilichobaki ni wimbo, na ninautaka huu." Baba mdogo akafungua mdomo. Bibi akamwonyesha kisu, akaufunga. Kisha akanigeukia mimi, akachukua kiazi kingine.

"Na usiharakishe kuumaliza."

Baba mdogo anakula sasa hivi, nasikia sauti yake nje, anaomba aongezwe kabichi. Hajalitaja tena duka. Masikio yangu yametulia, hayalii, labda kwa sababu yameshinda bila hedifoni yakisikiliza wakubwa.

Basi naomba mtu asinicheke, na anayeweza kujizuia asinipigie simu leo. Nimepata mteja wangu wa kwanza. Yupo uani anasimamia matanga yake, anagombana na mtu juu ya chumvi, na kazi aliyoniagiza namwomba Mungu amcheleweshe sana kuja kuichukua.